Naombeni ushauri: faili za kwenda nyumbani, darasa la pili

Walimu wenzangu na wazazi, habari za kazi. Nafundisha darasa la pili, shule ya serikali, watoto zaidi ya 80. Nataka kila mtoto awe na faili la plastiki la kubebea kazi za nyumbani na barua za wazazi. Sasa hivi karatasi zinatumbukizwa kwenye begi, zinafika zimelowa maji ya chupa, na barua ya kikao mzazi anaiona kikao kimeshapita.

Nimewaza hivi: kushoto zikae karatasi za kubaki nyumbani, kulia za kurudi shuleni na sahihi ya mzazi. Kila safu ya madawati iwe na rangi yake, kiongozi wa safu akusanye asubuhi.

Kinachoniumiza kichwa ni wasioweza kununua. Sitaki mtoto ajione mnyonge na bahasha yake ya kaki wakati jirani yake ana faili. Au tutumie bahasha wote? Masika zitahimili kweli? Na mtoto anayelelewa na bibi asiyejua kusoma, ujumbe mnaufikishaje? Mnaofundisha madarasa makubwa, mnakagua kila siku au Ijumaa tu?