Tuwafundisheje wanafunzi wa chuo kikuu kutafuta maandiko maktabani?

Mwalimu wa Shangani, Mtwara

Ndugu wanataaluma wenzangu, salaam. Ninafundisha katika chuo kimoja hapa Mtwara, na mwaka huu ninasimamia tafiti za wanafunzi 12 wa mwaka wa tatu. Kinachoninyima usingizi ni kwamba wengi wao hawajui kutafuta maandiko, ingawa wamekaa na maktaba miaka miwili na nusu.

Wiki iliyopita alinijia mwanafunzi mwenye bidii, mtoto wa mkulima wa korosho kutoka Newala, anayetaka kuchunguza namna mfumo wa stakabadhi ghalani (mkulima huweka mazao ghalani, akapewa stakabadhi, na mazao yakauzwa kwa mnada) ulivyogusa kipato cha kaya za wakulima wilayani kwao. Mada ni nzuri na ana sababu ya kuijali. Aliniambia kwa masikitiko kwamba ametafuta kwa siku tatu na hakuna kilichoandikwa. Nilimwomba anioneshe alivyotafuta. Alichukua kichwa kizima cha utafiti wake, maneno kama ishirini ya Kiswahili, akakiandika katika kisanduku cha katalogi ya maktaba, yaani orodha ya vitabu vyake ya kwenye kompyuta, na katalogi ikajibu kwamba hakuna matokeo. Akahamia Google, akaandika vilevile, na zikaja habari za minada na matamko ya viongozi. Mfumo huo umetumika katika korosho tangu msimu wa 2007/2008, ulianzia mkoani kwetu, na wachumi wa kilimo wamekwisha kuuandikia mengi. Maandiko yapo, ila kijana hakuwa na njia ya kuyafikia.

Chuoni kwetu wanafunzi wa mwaka wa kwanza huzungushwa maktabani katika wiki ya kuwapokea, makundi ya watu 60 au 70 kwa wakati mmoja, wakaoneshwa rafu, meza ya mkutubi na kanuni za kuazima. Baadaye, katika somo la stadi za mawasiliano, hupata mihadhara miwili kuhusu namna ya kuandika marejeleo. Baada ya hapo hakuna kinachofuata mpaka siku wanapotakiwa kuandika pendekezo la utafiti. Ninaomba wenye uzoefu, hasa wakutubi, mnieleze: je, stadi hizi zifundishwe lini, na nani, na kwa kazi ya namna gani, ili zikae kichwani?

Mkutubi, Lindi

Mwalimu, pole na kazi, na asante kwa kulileta jambo hili. Nimefanya kazi ya ukutubi kwa zaidi ya miaka ishirini, na nimewahi kuendesha ziara kama hizo unazozieleza mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Zinamfaa mgeni kujua mlango uko wapi. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza hana swali lolote linalomsumbua, kwa hiyo unachomweleza hakina pa kushika. Mimi sasa huomba nipewe saa mbili darasani, wiki mbili baada ya mwalimu wa somo kutoa kazi ya kuandika, wakati kila mwanafunzi ana mada mkononi na tarehe ya kukabidhi inamkaribia. Saa mbili za wakati huo ninazithamini kuliko wiki nzima ya mwezi wao wa kwanza chuoni.

Nianze na huyo kijana wa Newala, kwa sababu kisa chake ni somo kamili. Katalogi haielewi swali. Inalinganisha maneno uliyoandika na maneno yaliyomo katika kumbukumbu za vitabu. Ukiipa maneno ishirini, nyingi hutafuta andiko lenye yote ishirini, na andiko hilo halipo duniani. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza darasani hufanyika bila kompyuta. Kila mmoja huchukua karatasi, akaandika mada yake, kisha akapigia mstari maneno mawili au matatu yanayobeba maana. Kwa kijana wako yatabaki korosho, stakabadhi ghalani na kipato. "Athari", "uchunguzi" na "wilaya" vinaondoka.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoitilia mkazo kuliko zote, na vitabu vya kigeni vya stadi za maktaba havituelezi, kwa sababu waandishi wake hawana haja nayo. Wanafunzi wetu wanafikiri mada zao kwa Kiswahili, ilhali sehemu kubwa ya maandiko ya kitaaluma kuhusu mikoa yetu imeandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi anapaswa kujenga msamiati wa kutafutia kabla hajagusa kibodi. Chini ya "korosho" ataandika *cashew*, na jina la kisayansi la mkorosho, *Anacardium occidentale*, ambalo litamletea kazi za watafiti wa kilimo, zikiwemo za kituo cha Naliendele kilicho jirani nanyi kabisa. Chini ya "stakabadhi ghalani" ataandika *warehouse receipt system*, akiufunga msemo huo kwa alama za nukuu ili maneno yasitawanyike. Chini ya "ushirika", kwa kuwa korosho za mfumo huo huuzwa kupitia vyama vya ushirika, ataandika *cooperative* pamoja na *co-operative* chenye kistari, kwa kuwa waandishi wa Kiingereza hutumia tahajia zote mbili, kisha ataongeza majina ya vyama vikuu vyenyewe, yaani MAMCU, TANECU, na kwa upande wetu RUNALI. Maneno yenye maana moja huunganishwa kwa OR, na dhana tofauti huunganishwa kwa AND, kwa herufi kubwa. Ninawaeleza hivi: OR inapanua wavu, AND inaubana.

Baada ya hapo ndipo twende rafuni, na hapo napo pana jambo ambalo wanafunzi hulishangaa. Maktaba yetu hutumia mfumo wa Dewey, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876, ambao hupanga vitabu kwa namba kufuata taaluma, wala haukusanyi mahali pamoja kila kinachohusu kitu kimoja. Kitabu cha kulima mikorosho kitakaa 634.5 pamoja na mimea mingine ya jamii ya njugu za mitini. Kitabu cha uchumi wa mazao kitakaa 338.1, kitabu cha vyama vya ushirika kitakaa 334, na historia ya Tanzania iko 967.8, upande mwingine wa chumba. Mwanafunzi aliyekariri kwamba "korosho ni kilimo, na kilimo kiko rafu ile" atasimama mbele ya 634.5 na kuondoka akiamini hakuna kinachomhusu, na kumbe anachokitaka kiko 334. Huwatuma watatu watatu, kila kundi na mada moja, warudi na vitabu kutoka sehemu zisizopungua tatu za maktaba. Wanarudi wakiwa na maswali ya kweli, nami ndipo ninapofundisha.

Msomaji wa historia, Mikindani

Mzee wangu hapo juu amesema vizuri, na ningependa kuongeza upande wa historia, kwa kuwa majina ya mahali petu nayo ni kikwazo. Mkoa wa Lindi ulitengwa na Mtwara mwaka 1971, kwa hiyo anayetafuta "Mkoa wa Lindi" peke yake ataacha nje sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kabla ya hapo. Kwa enzi ya Waingereza atafute *Southern Province* na *Tanganyika*. Kwa enzi ya Wajerumani atafute *Deutsch-Ostafrika*. Visukuku vya mijusi mikubwa vya Tendaguru vilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, na ripoti za kwanza za kisayansi ziko kwa Kijerumani. Hakuna mwanafunzi atakayezikuta kwa kuandika "dainosaria wa Lindi". Hata vita vya 1905 hadi 1907 vinahitaji uangalifu, kwani waandishi wameandika Maji Maji, Majimaji na Maji-Maji, na katalogi nyingine huyahesabu hayo kuwa maneno matatu tofauti.

Njia ninayowafundisha zaidi ni kufuata nyayo za marejeleo. Mwanafunzi anahitaji kupata andiko moja tu zuri. Akilipata, asome orodha ya marejeleo iliyo mwishoni kabla hata ya kusoma sura ya pili, aone mwandishi alisoma nini: huko ni kurudi nyuma. Kisha alitafute andiko lilelile katika Google Scholar, Google ya maandiko ya kitaaluma, na kubonyeza kiungo kinachoonesha nani wengine wamelirejelea baadaye: huko ni kwenda mbele. Kwa andiko moja anapata ukoo mzima wa mjadala, wazee na wajukuu. Kwa njia hii wanafunzi wangu wawili walifika kwenye jarida la Tanganyika Notes and Records, lililoanza mwaka 1936, ambalo hawakuwa wamelisikia kabisa.

Nina jambo moja nisilokubaliana nalo moja kwa moja, Mwalimu, nalo ni lile la kuyaacha haya yote kwa mkutubi. Kupata andiko ni nusu ya kazi, na kulipima ni nusu nyingine, na upimaji unataka mtu wa somo. Mimi hutumia Mpango wa Karanga, ule wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga Tanganyika. Mpango uliotangazwa mwaka 1946 ulitaraji kufyeka zaidi ya ekari milioni 3, Nachingwea ikiwa mojawapo ya maeneo yake, na bandari ya Mtwara na reli vikajengwa kwa ajili hiyo. Mwaka 1951 uliachwa. Ninawapa wanafunzi andiko la waliopanga na andiko la waliokuja kueleza kushindwa kwake, na kuwauliza: huyu aliandika lini, aliandika akiwa nani, na alikuwa anamshawishi nani? Baada ya kipindi hicho hawaniulizi tena kama chanzo "ni kizuri" au "ni kibaya". Wananiuliza kinafaa kuthibitisha nini. Mkutubi asiyeijua historia hiyo asibebeshwe mzigo huu peke yake.

Mwanafunzi wa masafa, Nachingwea

Shikamooni walimu wangu. Ninasoma shahada kwa njia ya masafa huku nikifundisha shule ya msingi, na ninaomba niseme kwa niaba yetu tusiokuwa karibu na maktaba ya chuo.

Yote mliyosema yananifaa, lakini kwangu kila utafutaji unagharimu bando. Nikiandika maneno yasiyo sahihi mara kumi, nimepoteza fedha ya mboga. Kwa hiyo hiyo karatasi ya maneno aliyoieleza mzee wetu wa Lindi, mimi naiona kuwa ni akiba hasa, kwa sababu inafanyika mezani bila intaneti. Ningeomba ifundishwe kwa kila mwanafunzi wa masafa katika siku ya kwanza ya ana kwa ana.

Jambo la pili ni aibu. Katika mwaka wangu wa kwanza niliogopa kumuuliza mkutubi, nikidhani kuuliza ni kukiri kwamba sikustahili kuingia chuo kikuu. Nililipia makala moja kwa fedha nyingi kwa msaada wa ndugu yangu aliye Dar es Salaam. Mwaka uliofuata mkutubi wa chuo alinieleza kwamba taasisi nyingi za nchi zetu zimesajiliwa katika Research4Life, mpango unaozipa taasisi hizo majarida ya kitaaluma bure au kwa bei nafuu, ambako mna Hinari ya afya iliyoanza 2002 na Agora ya kilimo iliyoanza 2003, na kwamba jina la kuingilia na nywila hutolewa na maktaba ya taasisi. Alinionesha pia African Journals Online, iliyokuwapo tangu 1998, ambako makala nyingi husomwa bure. Ile niliyoilipia ingepatikana bila senti. Sikuambiwa, nami sikuuliza.

Na kuhusu programu za akili unde, ambazo wenzangu wengi hutumia kutafuta marejeleo: mimi mwenyewe nilipewa na programu hiyo orodha ya makala sita kuhusu ufundishaji wa kusoma katika madarasa ya awali, zenye majina ya waandishi, miaka na kurasa. Nilizitafuta moja moja. Mbili zilikuwapo, nne hazikuwapo katika jarida lililotajwa wala kwingineko nilikotafuta. Ninaomba walimu mlifanye hili kuwa zoezi la darasani.

Mkutubi, Lindi

Marahaba, mwanangu. Zoezi hilo nitalichukua kama lilivyo. Na Msomaji wa Mikindani ana haki: upimaji tuugawane, mimi na mwalimu wa somo tukisimama darasani pamoja.

Mwalimu, uliuliza kuhusu kazi ya kuwapa. Sisi hudai daftari la utafutaji. Ni kurasa mbili zinazoambatana na insha: tarehe, mahali alipotafuta, maneno aliyotumia, idadi ya matokeo, alichobadilisha na kwa nini alikibadilisha. Mwalimu wa somo hulitolea alama 10 kati ya zile 40 za kazi za darasani. Bila alama hawaliandiki, hilo nakuambia wazi. Mwanafunzi asiyepata kitu, lakini akaonesha kwamba alibadili maneno mara nne kwa sababu zinazoeleweka, hupata alama nzuri kuliko aliyebahatika kwa jaribio la kwanza. Nawe unapolisoma unaona mahali hasa alipokwama, jambo ambalo insha peke yake haikuoneshi.

Mwalimu wa Shangani, Mtwara

Nawashukuru sana. Leo asubuhi nilikaa na yule kijana kwa dakika arobaini, tukaijaza karatasi ya maneno kwa penseli. Alipoandika "warehouse receipt system" ndani ya alama za nukuu, AND cashew, AND Tanzania, zilikuja makala, na tasnifu kadhaa za wanafunzi waliomtangulia katika vyuo vingine. Alinyamaza kidogo, kisha akaomba tuongeze Newala.

Nimezungumza na mkutubi wetu. Amekubali kuja darasani kwa wanafunzi wa mwaka wa pili wiki ya tano ya muhula, mara baada ya mimi kutoa kazi yao ya kwanza ya kuandika, nasi tutafundisha pamoja kama mlivyoshauri. Daftari la utafutaji nitalitolea alama 10. Mzee wa Lindi, ukiwa na nakala tupu ya daftari lenu, ninaiomba uibandike hapa, ili na huyu mwenzetu wa Nachingwea aichape akiwa kwake.