Euler aliifikiaje 641 ndani ya 4,294,967,297?

Mwalimu wa Ilemela
Ndugu zangu, nafundisha hisabati sekondari hapa Mwanza na naomba msaada kuhusu namba 4,294,967,297, yaani 2³² + 1. Mwaka 1640 Pierre de Fermat wa Ufaransa aliamini kwamba ukijumlisha 1 kwenye 2 yenye kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kurudufisha, utapata namba tasa siku zote. Tano za kwanza, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, ni tasa kweli. Juzi, tukiwa kwenye kivuko cha Kamanga, mwanafunzi wangu alianza kuigawa hii ya sita kwa 3, kwa 5, kwa 7, akiandika kila baki nyuma ya daftari, na tulipofika ng'ambo alikuwa bado kwenye 43. Leonhard Euler alionyesha mwaka 1732 kwamba inagawanyika kwa 641. Bila mashine, aliwezaje?

Msomaji, Nyegezi
Mwalimu, 641 ni namba tasa ya 116, kwa hiyo njia ya kijana wako ni ndefu mno. Mwaka ule Euler hakueleza alivyoifikia, lakini baadaye alithibitisha kwamba kila kigawo tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Kwa sharti hilo, hadi kufika 641 zinasalia tano tu: 193, 257, 449, 577 na 641 yenyewe. Nimezigawa jana usiku kwa kalamu, na mabaki niliyoyapata ni 109, 2, 325, 288, kisha 0.

Mzee wa Ukerewe
Naongeza uthibitisho usiohitaji kugawa kabisa, ambao kwangu ndio mzuri kuliko yote. Angalia kwamba 641 ni 625 + 16, na pia ni 640 + 1, na kwamba 640 ni 5 × 2⁷. Sasa 2³² ni 16 × 2²⁸. Mahali pa 16 weka 641 − 625, nawe utapata 641 × 2²⁸ − 640⁴, kwa kuwa 625 ni 5⁴. Ukijumlisha 1, kinachobaki ni 641 × 2²⁸ − (640⁴ − 1), na kilichomo kwenye mabano kinagawanyika kwa 640² − 1, ambayo ni 641 × 639.

Mwalimu wa Ilemela
Shikamoo, Mzee, na ahsanteni sana nyote wawili. Leo nimeuandika uthibitisho huo ubaoni, na kijana yule yule akauliza kama kigawo cha pili, 6,700,417, nacho ni tasa.

Msomaji, Nyegezi
Ni tasa, na anaweza kuhakikisha mwenyewe. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na sharti la 64 bado linafanya kazi, kwa hiyo zimebaki saba tu za kujaribu: 641, 769, 1,153, 1,217, 1,409, 1,601 na 2,113.