Eskaveta inawasha taa nyekundu ya oili, kodi ya hitilafu SPN 100 FMI 4

opereta_igoma: Wakuu naombeni msaada, eskaveta tunayochimbia kifusi huku Usagara imewasha taa nyekundu ya oili na alamu inalia, nimezima nikacheki stiki oili ipo levo kabisa, dashibodi inaandika SPN 100 FMI 4. Bosi anataka niendelee na kazi, mi naogopa kuua injini.

fundi_nyakato: Usiwashe kwanza kaka. SPN 100 ndo presha ya oili, FMI ndo inakwambia tatizo la aina gani. Ingekuwa FMI 1 presha imeshuka kweli, hapo hata dakika moja ni hatari. 4 ni volti ya sensa iko chini, mara nyingi waya umechubuka unagusa bodi au soketi imeingia maji, na mvua hizi za ziwani ndo kabisa.

mama_greda: Kweli, ila usiiamini kompyuta peke yake, funga geji ya mkono upime presha yenyewe. Nimeona watu wanabadilisha sensa bure. Na kodi usiifute hujaipiga picha!

opereta_igoma: Asanteni sana, waya umechubuka kweli karibu na stata. Naufunga, naazima geji ndo niwashe.