Msimamizi anataka Sartre atangulie, mimi nataka Kazimoto. Nifanyeje?

Binti_Nansio
Habari za jioni wakuu. Nasoma uzamili wa fasihi ya Kiswahili, mwaka wa pili. Ikisiri yangu imepita kwenye kongamano la wanafunzi wa uzamili na uzamivu kuhusu fasihi na falsafa, Nairobi, mwezi ujao. Nina dakika 20 za kuwasilisha na 10 za maswali. Ni mara yangu ya kwanza, na usingizi umeniruka.

Nazungumzia Kichwamaji, riwaya ya Kezilahabi (1974), ambayo mhusika wake mkuu ni Kazimoto. Msimamizi ameirudisha rasimu na kuandika kwa wino mwekundu: "Falsafa iko wapi?" Anataka nianze na Sartre, mwanafalsafa Mfaransa, na udhanaishi wake (falsafa kwamba mtu hujitafutia mwenyewe maana ya maisha), kisha Kazimoto aje kama mfano. Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, kama Kezilahabi mwenyewe. Kitabu hiki nilikisoma kidato cha nne, nakala ya kaka yangu, na maswali ya Kazimoto yalinikaa moyoni kabla sijalisikia jina la Sartre. Inaniuma kumfanya mfano wa mtu mwingine. Lakini anayesaini ni msimamizi.

Halafu lugha: Kiswahili na Kiingereza vyote vinaruhusiwa. Nichague ipi?

Mwanagenzi_Nrb
Hongera dada. Fuata anachotaka msimamizi, ukihitimu utaandika utakavyo. Wengi tumepita hapo.

Kalamu_Nyeusi
Mkuu hapo juu, sikubaliani nawe. Ila dada, swali la msimamizi ni halali, dawa aliyokupa ndiyo haifai. Ukisema "Kazimoto amekata tamaa" umesimulia hadithi tu. Tuambie riwaya inadai nini.

Mwache Sartre kwanza, mtazame Camus, mwandishi Mfaransa wa wakati wake. Mwaka 1942 aliandika kwamba swali la falsafa lenye uzito wa kweli ni moja tu, la kujiua, na jibu lake likawa kwamba mtu aendelee kuishi hata kama dunia haimpi maana yoyote. Kazimoto anafika kwenye swali lile lile, na anajiua. Basi huyo si mfano wa Camus, anabishana naye! Anza wasilisho hapo, kwenye kifo chake, kisha uliza kwa nini wameachana njia. Mimi naona jibu liko nyumbani kwao. Mtu wa Camus anapambana na dunia akiwa peke yake. Kazimoto amemzika dada yake Rukia, amemzika mama. Uchungu wake una ndugu ndani yake, na ukiwaondoa hao ndugu swali lenyewe linabadilika. Hiyo ndiyo falsafa unayoulizwa iko wapi.

Mzee_wa_Maktaba
Kalamu amesema vizuri. Naongeza silaha moja. Kezilahabi mwenyewe aliandika tasnifu ya uzamivu kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi, Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, 1985. Msimamizi akitaka mwanafalsafa, mwandishi wako ni mmoja wao. Ila kuwa mwangalifu: tasnifu ilikuja miaka 11 baada ya riwaya. Usiisome Kichwamaji kana kwamba aliiandika akiwa na tasnifu mkononi. Mawazo yale yanakaa karibu zaidi na riwaya zake za baadaye, Nagona na Mzingile.

Na jiandae, hakosekani wa kukuuliza kuhusu Mbiti, mwanafalsafa Mkenya, na Sasa na Zamani zake za 1969, dhana zake kuhusu wakati kwa Waafrika. Uwe na jibu la dakika moja. Kama halihusiani na hoja yako, sema hivyo kwa adabu.

Bi_Salme
Mwanangu, wasilisha kwa Kiswahili. Mazungumzo ya Kazimoto yakitafsiriwa ukumbini yanapoa. Dondoo zako ziweke kwenye slaidi, tafsiri ya Kiingereza chini yake, na wasiojua lugha watakufuata. Zisizidi nne.

Isome kwa sauti mbele ya saa. Wengi huandika kurasa 15, mwenyekiti wa kikao anawakata kabla hoja haijatoka. Kurasa nane zenye nafasi mbili zinatosha.

Binti_Nansio
Asanteni sana, shikamoo Bi Salme, shikamoo Mzee. Leo nimekaa na msimamizi. Nilianza na kile kifo, nikamwekea Camus kando yake. Alinyamaza, kisha akauliza: "Na Rukia?" Tukazungumza saa nzima. Sartre amebaki na aya moja, ukurasa wa tano, na aya hiyo nimeitaka mwenyewe.

Nawasilisha kwa Kiswahili. Rasimu ya sasa ni kurasa 11, usiku huu napunguza.