Nichague matembezi gani msitu wa Kakamega?

Jirani_wa_Nyalenda: Wadau habarini. Jumamosi natoka Kisumu kwenda msitu wa Kakamega kutembea na mwongozaji. Kuna ya alfajiri, kupanda kilima cha Lirhanda kuona jua likichomoza. Kuna ya ndege, kuna ya usiku. Hata usingizi sipati. Nichague yapi?

Kuku_wa_Shinyalu: Kwanza unataka kuona nini? Kama ni simba, nenda Nakuru, na huko utabaki garini. Kwetu ni mbega, kima, hondohondo na vipepeo. Ukibahatika, yule ndege mkubwa wa buluu ambaye wazungu humfuata kwa ndege.

Shangazi_Lurambi: Mimi nilichukua ya ndege nikidhani tutatembea! Saa tatu nzima tumekwenda mwendo wa kutoka kanisani hadi kwa kinu cha unga. Mwongozaji anasimama, anainua kidole: "Sikia." Mimi nasikia tumbo langu. Muulize kabla: mnatembea au mnasimama?

Mzee_Soksi: Chomeka suruali ndani ya soksi. Siafu hawabishi hodi. Mwaka ule nilivua suruali mbele ya kwaya ya vijana.

Kuku_wa_Shinyalu: Mwenye uzi, unaenda na nani?

Jirani_wa_Nyalenda: Tuko wawili tu. Hilo si muhimu.

Shangazi_Lurambi: Ndilo muhimu. Sema.

Jirani_wa_Nyalenda: Sawa. Ni mama mkwe mtarajiwa. Ana goti. Lakini goti lenyewe humuuma jioni tu, na ya alfajiri nimeshalipia nusu.

Mzee_Soksi: 😂😂😂

Kuku_wa_Shinyalu: Ndugu, Lirhanda mnaanza kupanda gizani, na mvua ikiwa ilinyesha jana yake njia ni sabuni. Halafu kwetu mkwe hashikwi mkono. Akiteleza utamwinua na nini? Omba wakubadilishie, mzunguke taratibu chini karibu na kituo cha Isecheno, asubuhi, kabla mvua ya mchana.

Jirani_wa_Nyalenda: Nitambebea fimbo. Jua la pale juu ndilo litakalomlainisha, naona nyinyi hamwelewi.

Mwana_wa_Ahero: Ngojeni kidogo. Huyu si ndiye aliyelia hapa Krismasi eti mchumba kamwacha? Mkwe ametoka wapi? Mimi nasema huyu ndiye mwongozaji mwenyewe, anatafuta wateja.

Jirani_wa_Nyalenda: Tulirudiana Pasaka. Na mwongozaji gani atangaze biashara kwa goti?

Mwana_wa_Ahero: Basi ulilipa upande gani? Buyangu ni KWS, watu wa wanyamapori; Isecheno ni watu wa misitu.

Jirani_wa_Nyalenda: Isecheno. Hapo umeamini?

Mwana_wa_Ahero: Nusu, kama malipo yako.

Shangazi_Lurambi: Mwacheni. Mwanangu, mama mwenyewe anasemaje kuhusu kuamka saa tisa usiku?

Jirani_wa_Nyalenda: Bado sijamwambia. Anajua tunaenda Kakamega kununua kuku.