Uzamili wa sosholojia kwa aliyetokea ualimu: mada yangu inatosha?

Mwalimu wa Kibaha

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina shahada ya ualimu katika Historia na Kiswahili, na ninafundisha sekondari. Ninakusudia kuomba uzamili wa sosholojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa utaratibu wa masomo ya darasani na tasnifu. Je, mtu ambaye hakusoma sosholojia katika shahada ya kwanza anaweza kuimudu nadharia? Na je, mada ya "Changamoto zinazowakabili waendesha bodaboda mjini Kibaha" inatosha kuandikia pendekezo la utafiti? Wengi wa vijana hao niliwafundisha mwenyewe.

Msimamizi wa zamani

Mwalimu, nianze na swali la pili, kwa kuwa ndilo litakaloamua la kwanza. Tasnifu za "changamoto zinazowakabili" nimezisimamia nyingi kiasi kwamba sura ya nne, ile ya matokeo, ningeweza kuiandika kabla mwanafunzi hajaenda uwandani: ajali, askari wa barabarani, mikopo, leseni, kisha pendekezo kwamba serikali itoe elimu. Yote hayo ni kweli, lakini mwenyekiti wa kijiwe angekueleza kwa nusu saa. Émile Durkheim, mmoja wa waasisi wa sosholojia, katika kitabu chake cha 1897 kuhusu kujiua, hakuuliza ni nini kilimsibu huyu au yule. Aliuliza kwa nini viwango vya kujiua vilikuwa juu miongoni mwa Waprotestanti kuliko Wakatoliki, na kwa nini kila jamii ilikuwa na kiwango chake kilichodumu mwaka hadi mwaka, ingawa waliokufa walikuwa watu wengine kila mara.

Sasa tazama pikipiki ya mkataba. Kijana hukabidhiwa chombo na bosi, hupeleka hesabu, yaani fedha walizokubaliana, kila siku au kila wiki, na muda waliokubaliana ukitimia chombo huwa chake. Katika kipindi hicho mafuta na faini humwangukia yeye, na hesabu ikikwama bosi anaweza kukichukua chombo hata kama imebaki miezi miwili tu. Je, kijana huyu ni mfanyakazi, mkopaji au mfanyabiashara? Kwa nini yuko barabarani tangu saa kumi alfajiri wakati hakuna nyapara anayemfuata? Mwanasosholojia Michael Burawoy, aliyeendesha mashine katika kiwanda kimoja cha Chicago katikati ya miaka ya 1970, aliligeuza swali lililozoeleka: badala ya kuuliza kwa nini wafanyakazi hawajitumi zaidi, aliuliza kwa nini wanajituma kiasi kile. Ukimsoma huku kijiwe chako kikiwa akilini, nadharia haitakushinda.

Mhitimu, Mbeya

Ninakubaliana na mzee wangu hapo juu, ila ningependa usiishie kwa Wazungu. Archie Mafeje, msomi wa Afrika Kusini ambaye tangu 1969 aliongoza idara ya sosholojia hapo hapo Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alihoji katika makala yake ya 1971 tabia ya kueleza kila jambo la Afrika kwa ukabila. Utakapoambiwa Kibaha kwamba watu wa kabila fulani ndio wenye pikipiki kwa kuwa "wanajua biashara", uliza mtaji ulitoka wapi na bosi humkabidhi chombo nani, kwa dhamana ya nani. Kuhusu shahada ya kwanza, Historia ni msingi mzuri. Kilichowatesa wenzangu waliotoka fani za sanaa ni takwimu.

Mtafiti, Eldoret

Nyongeza fupi kuhusu vibali. Huku Kenya kila mtafiti huomba leseni NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Kwenu Tanzania, mtafiti wa kigeni hupitia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, ilhali mwanafunzi wa chuo cha ndani huanza na barua ya chuo, ambayo hushuka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, wilayani, katani hadi mtaani. Usipange mahojiano kabla barua hizo hazijakamilika.

Mwalimu wa Kibaha

Ninawashukuru sana. Nimeliandika upya swali langu hivi: ni mahusiano gani kati ya bosi na dereva yanayoufanya mkataba wa mdomo uheshimiwe, na huvunjika katika mazingira gani? Ninachohofia ni kwamba mabosi wakiona fomu ya ridhaa inayohitaji sahihi watadhani nimetumwa na watu wa kodi.

Msimamizi wa zamani

Hapo umefika pazuri, Mwalimu. Omba kutumia ridhaa ya mdomo, na ueleze sababu yake katika sura ya mbinu, maana kamati ya maadili italiuliza hilo. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hao uliowafundisha. Watakuita mwalimu, watazima sigara ukifika, na watakupa jibu wanalodhani ndilo sahihi kana kwamba wamo kwenye mtihani. Anzia kwenye vijiwe ambako hujulikani, kaa siku kadhaa bila daftari, na hao wa kwako uwaendee mwisho, ukiwa tayari unajua hesabu ya siku ni kiasi gani na nani aliwahi kunyang'anywa chombo.