Naomba ushauri: uwanja wa ndege wa Wilson hadi Lamu na mama anayeumwa magoti

Hamjambo wapendwa. Niko Lang'ata, Nairobi, na nataka kumpeleka mama Lamu kusalimia ndugu. Magoti yanamsumbua mno, na barabara ya kupitia Mombasa inazidi kilomita 800, sitamtesa hivyo. Kwa ndege, Wilson hadi uwanja wa Manda ni kama kilomita 465, saa moja na ushei, ila ikitua Malindi kwanza muda huongezeka.

Angani sina wasiwasi. Kinachoninyima usingizi ni gatini: Manda ni kisiwa, lazima tuvuke kwa boti hadi Lamu, na maji yakipwa ngazi za chini huwa zinateleza. Mliosafiri na wazee, mliwapandishaje botini? Nitazame majira ya maji kabla ya kukata tiketi?